Krismasi ya Kenol: kwa nini majirani zetu hufunga duka na kubeba watoto hadi bara

Ikifika wiki ya tatu ya Disemba, mkaazi wa Mombasa huanza kuona milango imefungwa. Fundi wa gari wa Mikindani hayupo. Muuza viatu wa Kongowea ameifunika meza yake kwa turubai. Mama wa saluni kule Bamburi amebandika karatasi mlangoni: tutafungua Januari. Ukiuliza walikokwenda, jibu ni moja: wameenda ocha. Pale Mwembe Tayari mabasi yanajaa, na wakati huo huo mahoteli ya Nyali na Diani yanapokea wageni wanaoshuka kutoka huko huko bara kuja kuogelea. Watu wanapishana njiani.

Kwa Mpwani ambaye sikukuu yake ni Idi, au hata kwa Mkristo wa Rabai ambaye kwao ni mwendo wa matatu moja, jambo hili huwa fumbo. Familia ina watoto wadogo watatu, baba na mama wote wanafanya kazi, pesa ni za kubana na karo inangoja Januari. Iweje wamalize siku mbili barabarani, kwenda na kurudi, ili wakae kijijini siku nne? Makala haya yanaeleza sababu, kwa mfano wa mji mmoja ambao jina lake utalisikia kila mara katika safari za kuelekea Mlima Kenya: Kenol.

Kenol ni wapi

Kenol uko kaunti ya Murang'a, kama kilomita 60 kutoka Nairobi, ukishaipita Thika na mashamba ya mananasi. Hapo ndipo njia inapogawanyika. Ukikata kushoto unakwenda Maragua na mji wa Murang'a. Ukinyoosha unakwenda Makutano, Sagana, Karatina na Nyeri. Kwa hivyo hata yule ambaye kwao si hapo, akiwa anakwenda Nyeri au Nanyuki, hupita Kenol, na wengi hushuka hapo kubadilisha gari.

Jina lenyewe si la Kikikuyu. Lilitokana na kituo cha mafuta cha kampuni ya Kenol kilichokuwa hapo njia panda. Makanga waliita "Kenol", abiria wakashuka "Kenol", maduka yakajengwa, mji ukakua. Mwaka 2019 kampuni ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa na jina likaondoka kwenye pampu, lakini mji umebaki nalo. Sisi wa Mombasa hilo halitushangazi, maana tuna Kengeleni yetu, iliyopata jina kwa kengele ya Frere Town.

Kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua, karibu na Nyeri, kuna barabara ya kilomita 84 ambayo imekuwa ikipanuliwa kuwa ya njia mbili kila upande, kwa fedha za serikali na za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Imerahisisha safari, lakini imeleta jambo ambalo mzazi lazima alijue, nalo tutalifikia.

Krismasi ilianzia kwetu

Wengi husahau kuwa Ukristo wa Kenya ulipita Pwani kwanza. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Rebmann wakafungua misheni ya Rabai. Katika miaka ya 1870 Frere Town ikaanzishwa kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Murang'a ilingoja zaidi ya nusu karne. Mapadri wa Consolata kutoka Italia walifika Tuthu, juu milimani, mwaka 1902, wakapokewa na chifu Karuri wa Gakure.

Basi ilikuwaje Krismasi ikawa ni safari kwa watu wa huko? Jibu liko katika kazi. Wakati wa ukoloni mwanamume alikwenda kufanya kazi Nairobi, kwenye mashamba ya walowezi, kwenye reli au bandarini Mombasa, na mke na watoto wakabaki kijijini. Nyumba za wafanyakazi mjini zilikuwa chumba cha mtu mmoja, si cha familia. Likizo ndefu ilipopatikana Disemba, baba alirudi nyumbani na sukari, nguo na mkate. Kwa watoto wa wakati ule Krismasi ilikuwa na maana mbili kwa pamoja: kuzaliwa kwa Yesu, na baba kuja.

Siku hizi familia nzima inaishi mjini, na mtoto amezaliwa Mombasa. Lakini ile desturi imebaki, ila imegeuka. Zamani baba alirudi kuwaona watoto. Sasa watoto wanapelekwa kumwona babu na nyanya.

Siku nne za sikukuu

Wanaofika mapema hufika tarehe 22 au 23. Siku ya kwanza ni ya kupumzika na kusalimiana, na ya watoto kuzoea ng'ombe, kuku na choo cha nje. Tarehe 24 ni siku ya soko. Mji wa Kenol siku hiyo haupitiki: unga wa ngano, mafuta ya kupikia, mchele, soda kwa kreti, nguo za watoto zimetundikwa hadi kandokando ya barabara. Nyumbani kunafagiliwa, kuni zinapasuliwa, na mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba akila majani yake ya mwisho.

Tarehe 25 asubuhi ni kanisani. Wako Wakatoliki, Presbiteri, Anglikana, na makanisa yaliyoanzishwa na Wakikuyu wenyewe, wakiwemo Akorino wanaojulikana kwa vilemba vyeupe. Watoto wa shule ya Jumapili huigiza kuzaliwa kwa Yesu, na kila mwaka kuna mchungaji mdogo anayesahau maneno yake na kanisa zima linacheka.

Kisha watu wanarudi kula. Mbuzi huchomwa na wanaume, na utumbo hujazwa nyama na damu ukawa mutura. Kina mama hupika mukimo, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya maboga. Na kuna chapati. Mpwani atashangaa chapati kuwekwa miongoni mwa vyakula vya sikukuu, kwa kuwa kwetu ni chakula cha kila siku na chai. Huko, kwa miaka mingi, unga wa ngano ulikuwa wa kununua na mahindi yalikuwa ya shambani, kwa hivyo nyumba nyingi zilipika chapati Krismasi tu. Wazee bado huzila kwa heshima hiyo. Pilau nayo siku hizi haikosi, na kama kuna mtu ametoka Mombasa, yeye ndiye hukabidhiwa sufuria.

Tarehe 26, Boxing Day, ni siku ya kutembeleana, na mara nyingi ndiyo siku ya kwenda upande wa mama. Tarehe 27 wenye kazi huanza kurudi.

Mtu wa Pwani akiyatazama haya ataona kitu anachokijua. Sisi tuna Idi: kanzu mpya, mkono wa Idi kwa watoto, kuzunguka nyumba za jamaa, na jioni pembea za Makadara. Tofauti kubwa ni masafa. Mtoto wa Mji wa Kale hutembea kwa miguu kumpa bibi yake mkono wa Idi. Mtoto wa Kikuyu aliyezaliwa Likoni ana zaidi ya kilomita 500 mbele yake.

Jina la mtoto ni deni

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Wakikuyu wana utaratibu wa majina ambao wengi wanaufuata hadi leo. Mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu yake mzaa baba. Wa pili huitwa jina la babu mzaa mama. Msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili la nyanya mzaa mama. Wanaofuata hupewa majina ya ndugu wa wazazi, kwa zamu.

Kwa hivyo mtoto wa miaka mitano anayeitwa Wanjiru hapo Bamburi hakupewa jina kwa kuwa ni zuri. Yuko mwanamke mzee Kenol anayeitwa Wanjiru, na mtoto huyu, kwa desturi, ni yeye amerudi. Mzee huyo humwita mtoto kwa utani kama mtu wa rika lake. Baba naye humbembeleza binti yake kwa kumwita mama, kwa sababu amebeba jina la mamake. Sasa fikiria watu wawili wenye jina moja ambao hawajawahi kuonana ila kwenye kioo cha simu. Jina linabaki maandishi kwenye cheti cha kuzaliwa tu.

Kuna jambo la lugha pia. Watoto wetu wa Mombasa, wawe Wakikuyu, Wakamba au Waluo, wengi hukua na Kiswahili, na ni Kiswahili kizuri. Lakini nyanya wa kijijini huenda Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Watoto hufundishwa maneno machache kabla ya safari: cucu ni nyanya, guka ni babu, tata ni shangazi. Neno moja huwachanganya sana. Kwa Kikikuyu, mama si mamake mtoto. Mama ni mjomba, ndugu wa kiume wa mamake. Mtoto wa Pwani akiambiwa, "Kamsalimie mama," halafu akaoneshwa mwanamume mwenye ndevu, hudhani anataniwa. Mwelezeni mapema, hukohuko nyumbani.

Siku nne hazimfundishi mtoto lugha. Zinamfundisha kwamba lugha hiyo ina watu, na kwamba watu hao wanalijua jina lake. Mwenye nafasi anaweza kuwapeleka Mukurwe wa Nyagathanga, katika kaunti hiyo hiyo ya Murang'a, mahali ambapo simulizi za Wakikuyu zinasema Gikuyu na Mumbi waliishi na kupata mabinti waliozaa koo zote. Mtoto mdogo huenda asishike hadithi yote, lakini atakumbuka kwamba ukoo wake una jina na mahali ulipotoka.

Hesabu ya safari

Sasa tuje kwenye pesa, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zinapovunjika mioyo. Tuchukue familia ya baba, mama, na watoto wa miaka 8, 5 na 2. Kwa viwango vya reli ya SGR vilivyoanza Januari 2024, tiketi ya kawaida ya Mombasa hadi Nairobi ni shilingi 1,500. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka 3 halipi. Wazazi wawili ni shilingi 3,000 na watoto wawili ni shilingi 1,500, jumla shilingi 4,500. Kwenda na kurudi ni shilingi 9,000. Safari ni ya saa tano hadi sita, na mtoto anaweza kusimama, kutembea na kwenda msalani.

Ubaya wake ni kwamba tiketi za wiki ya Krismasi huisha mapema sana. Anayengoja mshahara wa Disemba hukuta zimekwisha, akabaki na basi ambalo nauli yake imepandishwa. Kisha kuna kipande cha pili, kutoka kituo cha Syokimau hadi katikati ya Nairobi, na kutoka hapo hadi Kenol kwa matatu. Nauli ya matatu ya tarehe 23 si ile ya siku ya kawaida, na hakuna tiketi ya kukata mapema. Unapopanga, iweke mara mbili. Ikibaki, itanunua mkate.

Baada ya nauli kuna zawadi, chakula na mchango wa mbuzi. Halafu kuna Januari, ambayo Wakenya wenyewe wameiita Njaanuari. Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa mwezi na mshahara wa Disemba umeshaliwa. Familia zinazomudu safari hii bila madeni hufuata mambo machache. Karo na sare hutengwa kwanza, ikiwezekana mwezi wa Oktoba, na Krismasi hutumia kinachobaki. Ndugu wakiwa watano huchangia mbuzi mmoja, badala ya kila mmoja kutaka kuonekana na wake. Nguo mpya hununuliwa zile ambazo mtoto atazivaa pia Jumapili nyingine za mwaka.

Na si kila mwaka. Wengi sasa huenda mwaka huu kwa kina baba, mwaka ujao kwa kina mama, na wa tatu wanabaki Mombasa. Hakuna aibu katika kubaki. Mzee anayempenda mjukuu wake hataki kusikia alifukuzwa shule Januari kwa sababu ya nyama ya Disemba.

Zawadi pia si lazima ziwe za gharama. Leso yenye jina zuri humfurahisha cucu kuliko vikombe vya supamaketi. Halua ya Mombasa, mabuyu na achari za maembe huisha kabla ya begi kufunguliwa. Viungo vya pilau vilivyosagwa nyumbani hukaa jikoni kwake hadi Pasaka.

Watoto wadogo safarini na kijijini

Usisafiri usiku na watoto kama unaweza kuepuka. Alfajiri ya tarehe 31 Disemba 2017, baada ya basi na lori kugongana katika barabara ya Nakuru hadi Eldoret, serikali ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku kwa muda. Marufuku iliondolewa, lakini sababu yake haijaondoka: Disemba madereva huchoka kwa kuzunguka mara nyingi, na kila mmoja ana haraka.

Mtoto wa miaka mitano apate kiti chake. Kumpakata ili kuokoa nauli huchosha mzazi, na gari likifunga breki ghafla mikono haiwezi kumshika.

Baridi ndiyo huwashinda wengi. Mchana wa Disemba huko ni jua zuri, lakini usiku hupoa sana, na kadiri unavyopanda kuelekea Nyeri, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, ndivyo inavyozidi. Mtoto wa Mombasa hana sweta ya maana. Beba soksi, kofia na blanketi lake alilolizoea, ambalo pia litamsaidia kulala mahali pageni. Maji ya kuoga yachemshwe.

Jikoni kwa cucu mara nyingi kuna mafiga matatu na moto wa kuni chini, na mtoto aliyezoea jiko la gesi lililo juu ya meza hajui hatari yake. Mtu mzima mmoja awe na zamu ya kuwatazama watoto, zamu inayojulikana, kwa sababu penye watu wazima ishirini kila mtu hudhani mwingine anatazama. Hivyo hivyo kwa barabara. Ile njia mpya ya Kenol hadi Marua imepitisha magari ya kasi katikati ya vijiji. Watoto wa mjini wakitumwa dukani na binamu zao huenda wakavuka bila kujua kwamba magari yanatoka pande mbili na kwa njia nne. Wasivuke bila mtu mzima.

Kwa familia za ndoa mchanganyiko, ambazo Pwani ni nyingi, zungumzeni mapema. Mkwe Mwislamu hatakula mutura kwa kuwa ina damu, na nyama lazima iwe imechinjwa na Mwislamu. Hilo si gumu kama linavyodhaniwa: Thika, Murang'a na Nyeri kuna misikiti na Waislamu wa miaka mingi. Linakuwa gumu pale linapotajwa sahani ikiwa mezani. Likitajwa wiki moja kabla, wenyeji huona fahari kumtunza mgeni.

Kwa nini wasumbuke?

Kwa gharama na taabu zote hizi, mtu anaweza kusema, "Si wapige simu ya video tu?" Simu inasaidia, na kwa mwaka ambao pesa hazikupatikana inatosha. Lakini waulize watu waliokulia mjini ni lini mara ya mwisho walifika kijijini kwa wazazi wao. Wengi watakutajia mazishi. Familia iliyotawanyika hukutana kwa mambo mawili, sikukuu au msiba. Sikukuu ikiachwa, hubaki msiba. Mtoto humwona cucu wake kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya jeneza, na huwaona binamu zake wakilia. Baadaye akiambiwa kuna kwao, yeye hupakumbuka kwa huzuni, na haendi tena.

Jambo hili si la Wakikuyu peke yao. Wapo Wagiriama waliozaliwa Changamwe wasiokujua Kaloleni, na Wataita wa Tudor wanaoijua Wundanyi kwa ramani. Kwao safari ni fupi na nauli ni ndogo, na bado Krismasi hupita wakiwa ufuoni.

Kwa asiyeweza Disemba, kuna likizo ya Agosti, nauli zikiwa za kawaida na tiketi zikipatikana. Kuna pia njia ya kumleta cucu Mombasa kwa wiki mbili, tiketi moja badala ya nne. Atalalamika joto, atasema samaki wana miiba mingi, na watoto watamwonyesha bahari. Atakayeitwa Wanjiru atakuwa amekutana na Wanjiru mwenzake.

Na sisi tunaobaki, jirani akitukabidhi ufunguo na kuku wake tarehe 22, tumtunzie. Akirudi tarehe 28, watoto wamekauka midomo kwa baridi na begi limejaa maparachichi, viazi na ndizi za Maragua, mtapata fungu lenu.